Wanafunzi walipwe wapime mito ya Meru

MTO Maji ya Chai unakatiza barabara kuu ya Arusha kwenda Moshi, ukiteremka kutoka Mlima Meru kuelekea tambarare za kusini. Wenyeji husema jina hilo limetokana na rangi ya maji yake. Hata hivyo, kinachowavuta wataalamu wa maji kutoka mbali hadi kwenye mto huo ni kitu kisicho na rangi wala harufu, nacho ni madini ya floraidi.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri kwamba maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Vipimo vilivyochapishwa kwa miaka mingi kuhusu mto huu vimeonyesha kiwango kinachozidi hicho mara kadhaa. Matokeo yake yanaonekana kwenye meno ya kahawia ya watoto na wazazi wao na, kwa baadhi ya watu waliokunywa maji ya aina hiyo tangu utotoni, kwenye mifupa na miguu iliyopinda.

Floraidi ni mlango tu wa hoja yetu ya leo, ambayo ni ya fedha. Nani amlipe kijana anayesoma shahada ya kwanza ili ashuke mtoni kila wiki na chupa ya sampuli, kisha arudi na jibu ambalo mkulima, mama wa nyumbani na mhandisi wa maji wanaweza kulitumia?

Kwa maoni yetu, alipwe na wale wanaotumia maji hayo kuzalisha mali, Serikali ikiwaunga mkono. Gharama yake ni ndogo kuliko watu wengi wanavyodhani, na hasara ya kutofanya hivyo tunaibeba tayari, ila hatuioni kwenye vitabu vya hesabu.

Mto mmoja, watumiaji wengi

Meru ni mlima wa volkano wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500, na mlipuko wake wa mwisho unaojulikana ulikuwa mwaka 1910. Majivu na miamba yake ndiyo inayotupa udongo mzuri wa kahawa na migomba, na ndiyo hiyo hiyo inayoingiza floraidi kwenye chemchemi. Neema na balaa vimetoka chungu kimoja.

Kutoka kwenye mlima huo hushuka mito ya Burka, Ngarenaro, Kijenge, Themi, Nduruma, Tengeru, Malala, Usa, Maji ya Chai na mingine midogo. Maji ya upande huu wa kusini huelekea Mto Kikuletwa, ambao huingia bwawa la Nyumba ya Mungu na kuendelea kama Mto Pangani hadi Bahari ya Hindi. Njiani maji hayo hunywesha mifugo, humwagilia mashamba na huzungusha mitambo ya umeme ya Nyumba ya Mungu, Hale na Pangani.

Katikati ya safari hiyo kuna mji. Sensa ya mwaka 2012 ililikuta Jiji la Arusha likiwa na watu 416,442, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu watu 617,631. Ongezeko la watu zaidi ya 200,000 katika miaka kumi lina maana ya vyoo, gereji, machinjio, masoko na paa nyingi zaidi zinazomwaga maji ya mvua mferejini kwa mara moja. Aidha, nyumba zimefuata barabara kuu kuelekea Tengeru, Usa River na Maji ya Chai, kwenye ardhi ambayo zamani ilikuwa ya kahawa na mahindi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Msomaji anayeijua Arusha hahitaji kuambiwa ni bustani ngapi, karakana ngapi na nyumba ngapi ziko ndani ya mita hizo.

Mkulima wa bustani aliye chini ya mji hupokea kila kinachoachiliwa na waliopo juu. Amekopa kununua mbegu, mbolea na dawa, na bei ya kila kimoja anaijua. Maji peke yake ndiyo pembejeo anayoitumia kila siku bila kujua ndani yake kuna nini.

Hilo ni tatizo la biashara, si la afya tu. Wanunuzi wa Ulaya wanaochukua maharage mabichi na mboga nyingine kutoka mikoa ya kaskazini hutaka mashamba yawe na cheti cha GlobalGAP, na cheti hicho hudai tathmini ya usalama wa maji ya kumwagilia. Kampuni kubwa ina maabara ya kuilipa. Kikundi cha wakulima 20 wenye robo eka kila mmoja hakina, na kwa hiyo huuza kwa dalali kwa bei anayoitaka dalali.

Kiwango kimekazwa

Mwaka 1974 Tanzania iliweka kiwango cha muda cha floraidi cha miligramu 8 kwa lita, kwa sababu kufuata kile cha kimataifa kungefunga vyanzo vingi vya vijijini. Baadaye kiwango kilishushwa hadi 4, na mwaka 2018 nchi ikakubali 1.5 kama inavyoshauri WHO.

Uamuzi huo ni sahihi na tunaupongeza. Lakini una maana kwamba chemchemi yenye miligramu 3, iliyokuwa halali mwaka 2017, haikuwa halali tena mwaka uliofuata. Kila chanzo kilichokuwa kati ya 1.5 na 4 kilihitaji kupimwa upya na kufanyiwa uamuzi.

Ugumu wa Meru ni kwamba chemchemi mbili zilizo kwenye mteremko mmoja, umbali wa kutembea kwa miguu, zinaweza kutofautiana sana. Kipimo cha mwaka juzi cha kijiji jirani hakimsaidii mama anayeamua leo achote wapi maji ya kumpikia mtoto uji. Kiwango hubadilika pia kati ya masika na kiangazi, kwa kuwa mvua huzimua na jua hukoleza.

Hata dawa yenyewe inahitaji vipimo. Huko Ngurdoto, jirani kabisa na Maji ya Chai, Wizara ya Maji ina kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi kinachotumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mkaa huo hunasa floraidi mpaka hujaa, na ukishajaa hauzuii kitu. Mwenye chujio asiyepima hajui siku gani chujio lake liligeuka pambo.

Dodoso badala ya chupa

Sasa tuje kwenye vyuo. Vyuo vikuu vyetu vingi humtaka mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aandike ripoti ya utafiti kabla ya kuhitimu. Kwa hiyo kila mwaka maelfu ya vijana hufanya utafiti, upende usipende. Swali ni utafiti gani.

Mwanafunzi asiye na fedha huchagua kinachowezekana. Kuchapa dodoso na kuwauliza watu kadhaa wanaonaje hali ya maji kunagharimu nauli na karatasi. Kupima sampuli moja kwa floraidi, nitrati na vijidudu vya kinyesi kunagharimu ada ya maabara, boksi la barafu na usafiri wa haraka, maana sampuli ya vijidudu haiwezi kulala siku mbili kwenye begi. Kijana hufanya hesabu yake, na dodoso hushinda. Tunapata mamia ya ripoti kuhusu maoni ya watu juu ya maji, na chache mno kuhusu maji.

Hatuwalaumu. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi Julai 2005, ina kipengele cha utafiti miongoni mwa vile inavyovikopesha. Yaani kijana wa mkulima anayepima mto wa umma kwa faida ya umma anafanya hivyo kwa deni lake binafsi, atakalokatwa kwenye mshahara akibahatika kuupata.

Fedha za utafiti nchini zipo, japo si nyingi. Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, inasimamia mfuko wa taifa wa MTUSATE. Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru, iliyoanzishwa kwa ajili ya shahada za uzamili na uzamivu, imefanya kazi kubwa kuhusu floraidi. Mhadhiri wake, Dk Askwar Hilonga, alishinda mwaka 2015 tuzo ya kwanza ya ubunifu wa uhandisi barani Afrika inayotolewa na chuo cha kifalme cha wahandisi cha Uingereza, kwa chujio lake la maji, na kupewa pauni 25,000.

Mwaka 2022 Serikali nayo ilitangaza kuwatuza watafiti wanaochapisha kwenye majarida makubwa ya kimataifa, hadi Sh milioni 50 kwa makala. Kabla ya hapo, mwaka 2021, Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 425 kwa mradi wa HEET wa kuboresha vyuo vikuu, yakiwamo majengo na maabara.

Yote hayo ni mema. Lakini tazama yalivyopangwa: tuzo iko mwisho wa safari na majengo yako pembeni mwa njia. Mwanzo wa safari, pale kijana wa miaka 22 anapoamua kama atakuwa mtu wa maabara au la, hapana kitu. Anayetaka kahawa huanza na kitalu.

Wenzetu wanafanyaje

Marekani ina mpango wa taifa wa utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza unaogharimiwa na mfuko wa sayansi wa serikali yao tangu mwaka 1987. Chuo hupewa fedha za kuchukua kundi dogo, aghalabu wanafunzi kama kumi, kwa majuma nane hadi kumi ya likizo. Wanalipwa posho, wanapewa malazi na kila mmoja huwa na msimamizi. Baadhi ya makundi hayo hupelekwa kwenye mito inayopita mijini, kwa sababu mto wa mjini hukusanya kwenye glasi moja masuala ya kemia, mvua, barabara na sheria.

Si lazima twende mbali hivyo. Mwaka 1999 watafiti wawili wa Tanzania, Bahemuka na Mubofu, walichapisha matokeo ya vipimo vya kadimiamu, shaba, risasi na zinki katika mboga za majani zilizolimwa kando ya mito Sinza na Msimbazi jijini Dar es Salaam. Haikuwa kazi ya mabilioni. Lakini kila anayejadili leo mchicha wa Msimbazi, awe mwanasayansi au diwani, anasimama juu ya kazi kama hiyo. Mboga za kando ya Themi zinastahili kupimwa kwa namna hiyo, tena kila mwaka.

Mfano wa kinyume tuliuona Machi 2022, Mto Mara ulipogeuka mweusi na samaki wakafa. Kamati ya taifa iliyoundwa ilisema chanzo ni kinyesi na mkojo wa ng'ombe pamoja na mimea iliyooza. Wananchi wengi hawakuamini, na mabishano yakachukua nafasi ya ushahidi. Mto ambao umepimwa kila juma kwa miaka mitano, na takwimu zake ziko wazi kwa kila mtu, hauachi nafasi kubwa ya kubishana.

Hesabu yenyewe

Tuchukue wanafunzi 10 kwa majuma 8, yaani siku 56. Takwimu zifuatazo ni makadirio yetu, na kila msomaji anaweza kuzirekebisha kwa bei za mahali alipo.

Posho ya Sh 15,000 kwa siku kwa kila mwanafunzi ni Sh 8,400,000. Vituo 12 vya kuchukulia sampuli, mara moja kwa juma, vinatoa sampuli 96. Kwa Sh 60,000 kila moja ni Sh 5,760,000. Nauli ya Sh 15,000 kwa juma kwa kila mmoja ni Sh 1,200,000. Wasimamizi wawili kwa Sh 1,500,000 kila mmoja ni Sh 3,000,000. Chupa za plastiki, maboksi ya barafu, glavu na vyandarua vya kunasia wadudu wa mtoni tuvipe Sh 2,000,000. Jumla ni Sh 20,360,000.

Vyandarua si mapambo. Wanasayansi wametengeneza kwa ajili ya mito ya Tanzania mfumo wa alama uitwao TARISS, uliochapishwa mwaka 2015, unaopima afya ya mto kwa kuangalia aina za wadudu na viumbe wadogo wanaoishi chini ya mawe. Wadudu hao hukaa mtoni usiku na mchana, hivyo huonyesha uchafu uliopita juzi wakati wa kiwanda kufungulia mabomba. Kazi hiyo inahitaji macho, subira na mafunzo mafupi, vitu ambavyo wanafunzi wanavyo.

Sasa tulinganishe. Serikali ilichukua mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika kwa ajili ya mradi wa maji na usafi wa mazingira wa Jiji la Arusha wa Sh bilioni 520. Sehemu moja tu kati ya elfu ya fedha hizo, yaani Sh milioni 520, ingeendesha mpango tuliouhesabu kwa miaka 25. Hatusemi mradi ule ungepunguzwa; maji safi yalihitajika sana. Tunasema mwenye ng'ombe wa mamilioni hakosi fedha ya kamba.

Nani alipe

Kwanza, Bodi ya Maji Bonde la Pangani, yenye makao yake Moshi. Ofisi ya bonde hili ilikuwa ya kwanza nchini, mwaka 1991, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inawataka wenye vibali vya maji kulipa ada. Sehemu ndogo ya ada hizo, ikitengwa waziwazi kwa vipimo vya wanafunzi, ingerudi kwa walipaji kama taarifa.

Pili, wanunuzi na wasafirishaji wa mazao ya bustani. Wao tayari hulipia vipimo vya mashamba yao. Wakichangia vipimo vya mto mzima watapata onyo la mapema kwa bei ndogo, na wakulima wao wadogo watapata karatasi ya kuonyesha.

Tatu, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Itenge ndani ya MTUSATE dirisha la shahada ya kwanza, lenye fomu fupi na jibu la haraka, kwa sharti kwamba kila shilingi ya mfuko ifuatwe na shilingi ya mdau wa bonde. Viongozi wa Afrika waliahidi tangu Mpango wa Lagos wa mwaka 1980 kufikisha asilimia moja ya pato la taifa kwenye utafiti, na wakairudia ahadi hiyo Addis Ababa mwaka 2007. Dirisha hili lingekuwa hatua ndogo ya kuelekea huko.

Nne, Bodi ya Mikopo. Mwanafunzi ambaye takwimu zake zimekaguliwa na kukabidhiwa kwa bodi ya bonde, sehemu ya utafiti katika deni lake igeuzwe kuwa ruzuku. Amefanya kazi ya umma.

Pingamizi tunazozisikia

Wapo watakaosema wanafunzi hukosea. Ni kweli, na hata mabingwa hukosea. Dawa yake inajulikana: sampuli moja kati ya kumi ichukuliwe mara mbili na ipelekwe maabara ya Wizara bila mwanafunzi kujua ni ipi. Zikitofautiana kupita kiasi, takwimu za juma hilo zinawekwa kando.

Wengine watasema ni kazi ya Serikali, na maabara za ubora wa maji zipo. Zipo, na zinafanya kazi nzuri. Lakini mtaalamu mmoja hawezi kuwa Themi, Nduruma na Maji ya Chai Jumatatu moja. Wanafunzi wataongeza miguu. Kalamu ya mwisho ibaki kwa mtaalamu.

Lipo pingamizi la haki zaidi. Likizo ndefu huangukia kiangazi, kwa hiyo mpango huu peke yake ungeona mto ukiwa mdogo na kuukosa wakati wa masika, mvua inaposomba uchafu wote wa mji. Ndiyo maana tunapendekeza vyuo vilivyopo Arusha, Tengeru na Usa River vishike zamu ya Machi hadi Mei, na vijana wa Meru wanaosoma Morogoro na Dar es Salaam washike ya kiangazi wakiwa wamelala kwao. Malazi ya bure ya mama mzazi ni mchango ambao hakuna mfadhili anayeweza kuushinda.

Hatimaye, matokeo yasifungiwe kabatini. Kila mwisho wa mwezi karatasi moja ya Kiswahili ibandikwe ofisi ya kijiji na ofisi ya mtaa: jina la chanzo, tarehe, kiwango cha floraidi, vijidudu vipo au havipo, na sentensi moja ya ushauri. Mama aliyesoma darasa la saba aielewe akiwa amesimama na ndoo. Jumuiya ya watumia maji iijadili kwenye mkutano wake, na mwanafunzi awepo kujibu maswali. Siku hiyo atajifunza zaidi ya siku ya kutetea ripoti chuoni.

Meno ya kahawia hayarudi kuwa meupe kwa kunywa maji safi ukubwani. Mtoto huathirika meno yakiwa bado yanajengeka ndani ya ufizi, kwa hiyo kila mwaka tunaochelewa una watoto wake. Bajeti ijayo ya Wizara ya Maji na ya Halmashauri ya Meru zinaweza kuanza na mto mmoja, wanafunzi kumi na Sh milioni 20. Tunapendekeza uwe mto Maji ya Chai.